Nilimtafuta aliyeuza namba za wasikilizaji wetu: watu watatu walivyoachishwa kazi kwenye redio ya michezo hapa Goma

Wakuu, salamu kutoka Goma.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara nne. Mara ya kwanza nilijitetea mno. Mara ya pili nilijitukana mno. Ya tatu ilikuwa ndefu, hata mimi nilichoka kuisoma. Huu wa nne nauacha ulivyo. Sijaongeza chumvi. Majina ya watu nimebadilisha, jina la redio silisemi, mengine yote ni kama yalivyonitokea.

Siasa za mji wetu sitazigusa. Mnajua hali. Mtu akiuliza kwenye comments sitamjibu, anisamehe.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na nne, nakaa Mapendo. Shule niliiachia njiani. Kila ninachokijua cha kazi nimejifundisha mwenyewe kwa video za mtandaoni: kukata sauti kwenye kompyuta, kutengeneza majedwali, kupanga data. Hata hiki Kiswahili sanifu nimekiokota humu humu nikisoma nyuzi zenu. Maneno ya watu wengine nitayaacha kama walivyoyasema, ndivyo tunavyoongea huku kwetu.

Tatizo langu mlijue mapema. Siwezi kuona kitu kimekaa vibaya nikakiacha. Nikiingia nyumba ya mtu nikaona kalenda imepinda ukutani, sitasikia anachoniambia mpaka niinyooshe.

Hata redioni niliingia kwa ugonjwa huo. Nilikuwa msikilizaji tu. Kila jioni baada ya kipindi cha michezo nilikuwa nawatumia ujumbe wa makosa yao: aliyefunga si yule, dakika si hiyo, yule kipa hakuwa na kadi. Mtangazaji mkuu, Papa Ramazani, siku moja akasema hewani, "Huyu mutoto mwenye kutukosoa kila siku, aje hapa atukosoe akiwa na kiti."

Nikaenda. Nikapewa kiti.

Papa Ramazani ni mzee wa miaka hamsini na kitu, babu yake alitoka Maniema na biashara ya chumvi. Sauti yake inajulikana mji mzima. Akitangaza derby, motari, wale waendesha bodaboda, wanasimamisha pikipiki. Yeye ndiye aliyenifundisha kukaa mbele ya maikrofoni bila kutetemeka, ingawa hewani sikuingia sana. Kazi yangu ilikuwa kupokea meseji za wasikilizaji, kuzipanga, na kumpa asome.

Sasa niwaeleze kidogo namna redio za huku zinavyoishi, la sivyo hamtaelewa kilichotokea.

Huku kwetu hakuna kampuni inayopima nani anasikiliza nini. Mtu anayetaka kutangaza sabuni yake atajuaje kama redio yako ina watu? Anaangalia meseji. Anaangalia vilabu vya wasikilizaji, maana kila mtaa una kilabu chake. Kila baada ya miezi mitatu redio inaandika ripoti: kipindi hiki kina wasikilizaji kadhaa waliotuma salamu, kutoka mitaa hii na hii. Dada wa matangazo anaichukua ripoti na kuwapelekea wateja. Namba ikipanda, tangazo linakuja. Ikishuka, tangazo linaondoka. Tangu mabenki yafunge na biashara nyingi zihame, wateja wenyewe wamebaki wa kuhesabu kwa vidole. Mteja mmoja mkubwa akiondoka, kuna mtu analala njaa.

Ripoti ya michezo alikuwa anaiandika Papa Ramazani kwa mkono, kwenye daftari lenye jalada jekundu. Nililiona mara nyingi. Limeandikwa hivi: Kilabu cha Mapendo, watu fulani. Parking ya motari Birere, watu fulani. Wakulima wa Kibumba, watu fulani.

Nani aliwahesabu? Kwa njia gani? Hakuna. Anaandika kama mtu anayemjua kila mmoja.

Lile daftari lilikuwa linanikera moyoni kama ile kalenda iliyopinda.

Miezi michache iliyopita Direkta wetu akaniita. Akaniambia mambo ya daftari yamepitwa na wakati, anataka ripoti ya kompyuta, "kitu safi." Wakuu, nililisikia neno safi mwili mzima. Nikaifanya kazi hiyo kwa siku kumi na moja. Nilichukua meseji zote za miezi mitatu, za kuandika na za sauti, nikazipanga kwa namba ya simu, nikaziwekea rangi. Nikampa ripoti. Akanipongeza, "Felicitations, mutoto." Basi. Nikarudi kwenye kiti changu nikiwa na furaha, na sikuifikiria tena.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu asubuhi, tukaitwa wote kwenye chumba cha mikutano.

Direkta alisimama. Yeye hukaa siku zote, siku hiyo alisimama. Akasema mteja wetu mkubwa wa kipindi cha michezo, mfanyabiashara wa sabuni na mafuta ya kupikia, amevunja mkataba.

"Client ameona machifre yetu," akasema, yaani namba zetu. "Anasema tulikuwa tunamudanganya. Sasa, bila client, bila kipindi."

Kipindi cha michezo cha saa mbili kikawa dakika ishirini. Watu watatu wakaachishwa kazi palepale: Deo aliyekuwa anakwenda viwanjani, Solange aliyekuwa anasoma habari za voliboli na mpira wa mikono, na Papa Ramazani.

Mimi nilibaki. Hizo dakika ishirini, akasema, nizipange mimi.

Papa Ramazani hakubishana. Alisimama, akafunga vifungo vya koti lake, akasema, "Refa akikosea, kadi ni kadi. Mutu anatoka." Akatoka. Deo alikuwa analia bila sauti. Solange ndiye aliyeuliza swali ambalo wote tulikuwa nalo.

"Hizo chifre, nani alimupa client? Nani?"

Direkta akafunga faili lake.

Kuanzia hapo ofisi ikawa na sumu.

Kila mtu alimtazama mwenzake kwa pembeni. Wengi walinitazama mimi, maana nilikuwa wa mwisho kuingia na nimebaki. Nikiingia chumba cha studio, mazungumzo yanageuka kuwa ya mvua. Mlinzi wa mlangoni, ambaye tulikuwa tunataniana kila asubuhi, akaanza kuniita "Bwana Mkubwa."

Mimi kichwani nilikuwa na picha moja: lile daftari jekundu. Nilikwenda kulitafuta kwenye droo ya Papa Ramazani. Halipo. Nikasema, ahaa. Mtu ameiba daftari, amempelekea mteja, mteja ameona namba zisizo na mbele wala nyuma, amekasirika. Ilinikaa sawasawa. Sikujiuliza swali la pili.

Halafu nikafanya kitu ambacho leo naona aibu kukiandika. Nilitengeneza jedwali la washukiwa. Ndiyo, wakuu, jedwali. Jina, nani alikuwa na ufunguo, nani anajua nyumba ya mteja, nani anafaidika. Nikaweka rangi.

Aliyepata nyekundu nyingi alikuwa Espe, dada wa matangazo. Ndiye anayewajua wateja. Ndiye mwenye ufunguo wa pili. Na alikuwa ameanza kutoka mapema bila kuaga.

Alhamisi mchana nilimwona mtaa wa Birere. Nilikuwa nimekwenda kununua waya, nikamwona anashuka kwenye pikipiki mbele ya jengo la redio nyingine, wale wapinzani wetu. Nikajibanza nyuma ya meza ya muuza viatu. Yule mama wa viatu akaniambia, "Unanunua ao unajificha deni?" Nikashika kiatu kimoja nikijifanya nakitazama. Espe alikaa ndani kama nusu saa. Alipotoka alikuwa na bahasha ya kaki mkononi.

Moyo wangu ulidunda kama nimefunga goli.

Kesho yake, badala ya kumwita pembeni kama mtu mwenye akili, nilimsubiri mlangoni mbele ya watu sita. Nikamwuliza bahasha ile ya jana ilikuwa na nini.

"Bahasha gani?"

"Ile ulitoka nayo kwa wapinzani."

Akanitazama juu mpaka chini. "Eh! Komiseri amefika. Kumbe uko unanifuata?"

"Jibu tu, dada Espe."

"Nijibu?" Akafungua mkoba, akatoa ile bahasha, akanitupia kifuani. "Soma! Soma kwa sauti, wewe mwenye kujua kusoma!"

Nikafungua. Ilikuwa CV yake. Alikwenda kuomba kazi, wakamrudishia.

"Mimi ninakula juu ya pub yenye ninaleta," akasema, pub akimaanisha matangazo. "Client ameenda. Mimi nitakula nini? Nilikuwa natafuta kazi polepole, bila kelele. Sasa umenitangaza. Asante."

Direkta alikuwa amesimama mlango wa ofisi yake. Alisikia yote. Mchana wake Espe akapewa barua ya onyo.

Hilo lilikuwa kosa langu la pili. La kwanza nilikuwa bado sijalijua.

Wakati anatoka, Espe aliniambia bila kunitazama, "Kama unataka kujua nani alimupa client chifre, uende umuulize client. Mudomo anayo." Kwa namna yangu, nilikuwa nimechunguza watu wote isipokuwa mtu pekee aliyekuwa na jibu.

Nikaenda.

Mteja wetu anaitwa hapa Muzee Paluku. Ni mtu wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya asubuhi, ana depo ya sabuni na mafuta Birere. Nilimkuta amekaa juu ya katoni, anaonja mafuta kwa kidole. Nikajieleza: natoka redioni, ni wa kipindi cha michezo, nataka kujua nani alimletea namba zetu.

"Jina yako?"

Nikamtajia.

Uso wake ukafunguka. "Ah! Njo wewe?" Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akamwita binti yake aliyekuwa kaunta, "Lete ile karatasi. Yenye rangi."

Binti akaleta. Nilijua kabla haijafunguka. Rangi nilizichagua mimi.

"Kazi safi," Muzee Paluku akasema. "Nilionyesha mutoto wangu huyu, nikamwambia, ona namna kazi inafanywaka."

Ilikuwa ripoti yangu. Ile ya siku kumi na moja. Haikuibiwa na mtu. Direkta alimpa Espe kwenye bahasha iliyofungwa, kama ripoti nyingine zote, Espe akaileta hapa bila kujua kilichomo, kama anavyofanya kila baada ya miezi mitatu. Chini kabisa kuna maneno yangu mwenyewe: Namba zilizojirudia zimeondolewa. Simu moja, msikilizaji mmoja.

Nilikuwa nimejifunza hivyo kwenye video. Wanasema data yenye marudio ni data chafu. Nikakuta simu moja imetuma salamu za watu ishirini na sita, zote kwa sauti ya mama mmoja. Nikajua ni udanganyifu, mtu anatunga majina. Nikamhesabu mmoja. Nikakuta simu ya parking ya Birere, hivyo hivyo. Mmoja. Kibumba nzima, mmoja. Wasikilizaji zaidi ya mia tatu wa daftari wakawa sitini na kitu.

"Muzee," nikasema, "ulivunja mkataba juu ya sitini?"

"Hapana." Akafuta kidole kwenye kitambaa. "Batu soixante wenye kununua sabuni, ni batu. Mimi nilianza na client watatu. Nilikasirika juu ya ile trois cents, ile mia tatu. Mwaka yote banakuja hapa, banakunywa soda yangu, bananiambia trois cents. Wewe peke yako ulisema kweli. Mimi sitaweza kufanya kazi na batu wenye kunidanganya."

Akaniagiza soda. Wakuu, niliinywa. Sikujua namna ya kuikataa.

Nilirudi Mapendo kwa miguu, na kichwani bado nilikuwa najitetea. Nilikuwa najiambia, sawa, imeuma, lakini ukweli ni ukweli. Kama waliandika mia tatu na walikuwa sitini, kosa ni la nani?

Saa ya kipindi ilikuwa imefika, na nilikuwa karibu na nyumba ya Mama Zawadi. Huyu ndiye mama mwenye ile simu ya majina ishirini na sita. Ni rais wa kilabu cha Mapendo. Sijawahi kwenda kwake hata siku moja, ingawa tunakaa mtaa mmoja. Nikasema niende nimwone huyu tapeli.

Nilimkuta barazani. Redio imetundikwa kwenye msumari. Chini, juu ya mawe na viti na ndoo zilizogeuzwa, kulikuwa na watu. Akina mama wanachambua majani ya sombe, motari wawili wamekaa juu ya pikipiki zao, fundi cherehani amehamisha mashine yake mpaka pale, wazee watatu, wasichana wa timu ya voliboli na jezi zao. Katikati ya wote simu moja, ile ya Mama Zawadi, ya vitufe, imefungwa kwa kamba ya mpira.

Wote wanasikiliza redio yetu. Dakika zangu ishirini.

"Sauti ya Papa Ramazani iko wapi?" mzee mmoja akauliza hewa. "Huyu mwenye kusoma sasa anasoma kama anasoma ordonansi ya dawa ya daktari."

Huyo mwenye kusoma ni mimi, nilikuwa nimerekodi asubuhi. Nikavuta ndoo, nikakaa.

Nilimwuliza Mama Zawadi kwa nini salamu zote anazituma yeye. Kwa nini kila mtu asiseme jina lake mwenyewe?

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Weye mutoto! Kila mutu aseme, unité itaisha kwa mutu wa tatu. Tunachangaka unité siku ya posho. Mimi njo wananipa nisome, juu mimi ninasemaka mbio." Unité ni salio la simu.

"Na majina ni ya kweli?"

Kicheko kikaisha. "Ya kweli namna gani? Simama." Akanyoosha kidole. "Huyu Bahati. Huyu Kahindo. Ule Mzee Saleh. Ule mwenye anajificha na sahani, Justin, anadaiwa salamu. Unataka na carte zao za kitambulisho?"

Watu wakacheka. Mmoja wa motari akasema, "Mama, huyu ni wa posta, mupe stempu."

Hawakuwa wote ishirini na sita siku hiyo. Mama Zawadi alisema wengine wameacha kuja tangu Papa Ramazani aondoke.

Wakuu, mimi ni mtoto wa Goma. Nimezaliwa hapa. Nyumbani kwetu simu ilikuwa moja mpaka nilipofika miaka kumi na saba. Mama yangu alikuwa anatumia simu ya jirani kuwasalimia watu wa Rutshuru. Ningeweza kujua bila kuuliza mtu yeyote. Lakini nilikuwa nimemwamini mtu wa kwenye video, wa nchi ambayo kila mtu ana simu yake mfukoni, kuliko baraza la hatua mia mbili kutoka kitandani kwangu.

Usiku ule sikuandika jedwali lolote.

Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri nilikwenda kwa Papa Ramazani. Nilikuwa nimejiandikia hotuba ya kurasa mbili. Nilimkuta uani, anasikiliza mechi kwenye redio ya wapinzani, anamjibu mtangazaji.

"Amechelewa," ananiambia hata kabla ya salamu. "Mupira umeisha kutoka, yeye bado anaimba jina ya mutu. Kaa."

Nilikaa. Hotuba yote ilinipotea. Nikasema tu, "Papa, ni mimi. Zile chifre ni mimi niliandika. Nilihesabu simu, sikuhesabu watu. Wewe umepoteza kazi juu yangu."

Akapunguza sauti ya redio.

"Ninajua."

Nikadhani ameambiwa na mtu wa ofisini.

"Hapana. Direkta alinipa ile karatasi kabla haijaenda. Mimi njo responsable, mukubwa wa kipindi, lazima nisaini. Nilisaini."

"Uliisoma, Papa?"

Aligeuza uso kwenye redio. Mtangazaji wa wapinzani alifunga goli peke yake pale redioni.

"Niliona jina yako chini," akasema. "Nikaona haina haja."

Nililia wakuu. Sitaficha. Mkewe akaleta chai, akaiweka, akarudi ndani.

Halafu Papa Ramazani akaingia chumbani, akatoka na lile daftari jekundu. Halikuibiwa. Alilichukua siku aliyofukuzwa, ni lake. Akalifungua. Nyuma ya kila namba, kurasa za mwisho ambazo sikuwahi kuzifungua, kuna majina. Mitaa yote. Kibumba, amewaandika mpaka na mashamba yao ya kabeji. Kila mwaka alikuwa anapita mwenyewe, kilabu kwa kilabu.

Nilikuwa nimeukera moyo wangu miaka miwili kwa daftari ambalo sikuwahi kugeuza ukurasa wake wa nyuma.

Tukafanya kazi pamoja wiki mbili. Tulikwenda Birere, tukakaa na motari. Kibumba hatukufika kwa ajili ya njia, lakini mkuu wa kilabu chao alileta karatasi kwenye gari la kabeji. Mama Zawadi alithibitisha Mapendo. Kisha mimi na Papa Ramazani tukaenda kwa Muzee Paluku. Nilimweleza kosa langu mwanzo mpaka mwisho. Hakuniamini kwa mdomo. Akamtuma binti yake akae barazani kwa Mama Zawadi siku tatu. Binti akarudi akasema, "Papa, ni batu kweli. Na wananunua sabuni ya wengine."

Muzee Paluku akamtazama Papa Ramazani. "Nilikuita mwongo nyumbani kwangu, kwa bibi yangu. Unisamehe. Rudisheni saa yenu, mimi nitarudisha pub."

Nilikimbia kwa Direkta kama mtu aliyeshinda kombe.

Direkta alinisikiliza vizuri. Akasema, "Ni vizuri sana. Lakini ile saa imeisha kuuzwa."

Imeuzwa kwa kipindi cha maombi. Mchungaji mmoja amenunua jioni zote za juma, analipa mwenyewe, hahitaji mteja wa sabuni. Sina neno na maombi, mama yangu ni mtu wa maombi. Lakini niliuliza imeuzwa lini. Direkta akasema hayo ni mambo ya ofisi.

Nikaenda kwa Espe. Nilikuwa nimeshamwomba radhi mara mbili, mara zote alikuwa ananijibu "sawa" bila kuinua macho. Siku hiyo aliinua.

"Ile kontra ya muchungaji, mukataba yake, niliiandika mimi kwa mashini," akasema kwa sauti ya chini. "Ilikuwa mbele ya Direkta akuite kwa ile ripoti yako."

"Mbele?" Kwetu mbele ni kabla.

"Mbele, Komiseri."

Fikirini wenyewe. Direkta ana miaka ishirini kwenye redio za huku. Vilabu vingine alivianzisha yeye, enzi akiwa mtangazaji. Anajua simu moja ni baraza zima. Alipoona ripoti yangu, kwa nini hakuniambia, "Mutoto, hapa umekosea"? Kwa nini alinipongeza?

Ushahidi sina. Nina maneno ya Espe tu, na Espe ana sababu ya kumchukia. Nimeshamshuku mtu bure mara moja, nikamharibia. Kwa hiyo nilijizuia. Nikasema labda ni mimi na ugonjwa wangu wa kushuku.

Mpaka juzi Jumatatu.

Direkta ameniita tena. Anataka ripoti ya kipindi cha maombi, mchungaji anataka kuona wasikilizaji wake kabla ya kuongeza mkataba. Nikamwuliza nihesabu kwa njia gani.

Alikuwa anaandika kitu, hakuinua kichwa.

"Kama zamani," akasema. "Simu moja, weka kanisa yote. Batu wetu hawana masimu, haujue?"

Nilimwambia Papa Ramazani jana. Nilitegemea atakasirika, atasema niache kazi leo leo. Alicheka kidogo kwa pua.

"Andika," akasema. "Mama yako anakula. Batu wawili tukose kazi, itamufaa nani? Lakini uende makanisani, uwahesabu kweli. Usimuandike mutu hauko umemuona."

Ripoti inatakiwa Ijumaa. Kompyuta iko wazi mbele yangu, na sijaandika hata kichwa cha safu ya kwanza.

Nilichojifunza mimi, kwa wale mnaofanya kazi za data, za ofisi, za redio: kabla hujafuta kitu kwa sababu kinajirudia, nenda ukamwulize aliyekiweka. Ukiona mtu anasifia kazi yako haraka sana, uliza anaipeleka wapi. Na kabla hujamtafuta mchawi ofisini, soma upya ulichoandika mwenyewe mwezi uliopita.

Wenye uzoefu wa redio na matangazo, huko kwenu mnapimaje wasikilizaji? Na mngekuwa mimi, Ijumaa mngepeleka nini? Nitasoma kila comment, hata za matusi, ninayastahili.

Nilianza kwa kumtafuta mtu mmoja aliyetuuza. Nimewapata wawili, Direkta na mimi, na sisi wawili bado tuna kazi.